Kibanda cha Kuzalia Nguruwe, na Sababu ya Kukihamisha



Waliotutangulia kusimama hapa wamekwisha kusimulia jinsi makanisa yetu yalivyojengwa, na jinsi shule zilivyoanza chini ya miti. Hayo ni mambo makubwa, nayo yastahili kukumbukwa. Sisi tumepewa jambo dogo, yaani kibanda cha mbao cha kuzalia nguruwe. Labda mtu atacheka moyoni na kuuliza, Je, nguruwe naye ana neno katika jubilei? Twamjibu ya kuwa analo. Huku kwetu katika nyanda za juu za kusini, watoto wengi walisomeshwa kwa fedha ya nguruwe, na nyumba nyingi ziliezekwa mabati kwa fedha hiyo hiyo. Mnyama huyu amebeba mizigo yetu mingi, wala hakusifiwa.

Tutasema kwanza jinsi tulivyokosa, kisha jinsi kibanda kinavyojengwa, na mwisho jinsi kinavyotumiwa. Twaanza na makosa kwa maana hayo ndiyo yaliyotufundisha.

Tulipoanza kazi hii, chama chetu kilikuwa na nguruwe jike mmoja tu, mnene, mwenye afya. Tulipatana ya kuwa kila mtoto jike atakayezaliwa apewe nyumba moja yenye shida, na nyumba hiyo irudishe mtoto mmoja katika uzao wake wa kwanza, ili apewe jirani. Mwalimu akaandika majina sita katika daftari: wajane watatu, mzee mmoja asiyeona, na nyumba mbili za yatima. Jike akazaa watoto kumi na mmoja. Jioni ile tulifurahi sana. Asubuhi ya tatu walikuwa wamebaki wanne, na kati yao majike wawili. Wale saba mama yao aliwalalia. Mwalimu alichukua kalamu akakata majina manne, na sisi tukaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wenyewe. Hatujasahau safari ile.

Nguruwe jike hana chuki na watoto wake. Bali mwili wake ni mzito, kilo 150 au 200, hata zaidi, na mtoto azaliwapo hafiki hata kilo 2. Mama akitaka kulala huegemea ukuta, kisha hujiachilia chini. Mtoto aliye kati ya mama na ukuta hana pa kukimbilia. Wala hawezi kukaa mbali naye, kwa sababu amezaliwa na mafuta machache sana mwilini, na manyoya yake ni machache. Ataka joto kama la nyuzi 32, na usiku wa mwezi wa Juni huku kwetu ni mkali. Hivyo hujisukuma ubavuni mwa mama yake. Ile baridi ndiyo impelekayo penye hatari. Vifo vya namna hii hutokea zaidi katika siku tatu za kwanza.

Basi tukajenga kibanda cha pili, chenye fito za kinga pande zote. Fito zile zilifanya kazi yake: katika uzao uliofuata watoto kumi waliishi, tukashangilia. Walakini kibanda kile tulikijenga kwa mbao nene mno, sakafu na kuta zikiwa kitu kimoja, juu ya magogo mazito. Tulikuwa tumesema kitahamishwa. Siku ya kukihamisha, jozi mbili za maksai zilivuta hata mnyororo ukakatika, nacho hakikusogea. Tukasema, Tutakihamisha kiangazi. Kiangazi kikapita, na kingine kikapita.

Uzao wa pili mahali pale ulikuwa mzuri kidogo kuliko wa tatu. Wale wa tatu, walipopata wiki sita, walianza kukohoa. Matumbo yalivimba, manyoya yakasimama, na walipofika miezi mitano walikuwa na kimo cha watoto wa miezi mitatu. Tulipomchinja mmoja tukakuta utumbo umejaa minyoo mirefu myeupe. Hawakufa wengi; bali walikula pasipo kukua. Wajane waliowapokea walibeba pumba na majani kila siku, kumbe walikuwa wakilisha minyoo.

Ndipo tulipolijua neno ambalo twataka mlichukue leo: fito za kinga humwokoa mtoto wa nguruwe siku ya kwanza, na kuhama humwokoa siku zote zinazofuata. Kibanda cha kuhamishwa kisichohamishwa ni sawa na jembe lililotundikwa ukutani.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika jimbo la Illinois, nchini Marekani, wakulima walikuwa na vibanda vya mbao vya kuburuzwa, vingi vikiwa na umbo la hema, navyo vilisimama malishoni, kila jike na chake. Hata hivyo minyoo iliwapiga sana wale waliozalishia nguruwe penye viwanja vya zamani. Mwaka 1916 mtaalamu Mwingereza F. H. Stewart alionyesha ya kuwa minyoo michanga hii haikai utumbo tu. Mnyama akimeza mayai, vijidudu vinavyotoka humo hupita katika ini, hufika katika mapafu, hukoholewa na kumezwa tena, ndipo vikae utumboni na kukua. Hii ndiyo sababu ya kile kikohozi tulichokisikia. Tangu mwaka 1919 mtaalamu Brayton Ransom na wenzake walijaribu shauri lao pamoja na wakulima wa wilaya ya McLean, katika jimbo hilo la Illinois. Shauri lenyewe lilikuwa jepesi: kibanda kisafishwe kwa maji yanayochemka yaliyotiwa soda kali, jike aoshwe matiti na tumbo kwa sabuni kabla ya kuzaa, mama na watoto wapelekwe malisho mapya, wakichukuliwa kwa gari wala wasitembezwe juu ya udongo wa zamani, na watoto wakae huko hata wapate miezi minne. Waliolifuata waliona watoto wao wakikua sawasawa.

Sababu ya shauri hili ni ugumu wa yale mayai. Mnyoo jike mmoja hutaga zaidi ya mayai laki moja kwa siku. Mayai hayo huweza kukaa udongoni miaka mingi, na dawa nyingi za kusafishia haziyaui. Hufa kwa maji yanayochemka, na kwa jua kali yakikauka. Basi asiyeweza kuusafisha udongo na auhame.

Sasa twaja kwenye ujenzi. Walimu wataona hapa hesabu njema ya kuwafundisha watoto, kwa maana kibanda hiki, kikitazamwa kutoka mbele, ni pembetatu yenye pande tatu sawa, kila upande futi 8. Kimo chake ni futi 7 kasoro inchi moja. Mwanafunzi mwenye akili ataweza kupata hesabu hiyo mwenyewe. Kuta zake ndizo paa lake. Tena kwa kuwa kuta zimelala, jike hawezi kujibana nazo hata chini kabisa. Pembeni hubaki nafasi ambayo mtoto aweza kujificha.

Kibanda kiwe vipande viwili, sakafu mbali na hema mbali. Hili ndilo tulilolikosa mara ya kwanza.

Sakafu yaanza kwa miguu mitatu ya kuburuzia, ya mkaratusi au mbao nyingine ngumu, inchi 4 kwa 4, urefu futi 9. Ncha zake zichongwe kwenda juu kama omo la mashua, ili zisichimbe udongo. Toboeni kwa keekee tundu la mnyororo katika kila ncha. Juu ya miguu pigilieni mbao tano za inchi 2 kwa 4, urefu futi 8, zikikingama, kila moja ikiwa mbali na mwenzake futi 2. Juu ya hizo zitandikwe mbao za sakafu zenye unene wa inchi 2, kwa kuwa mbao nyembamba hazitamhimili jike. Zisipigwe randa upande wa juu, ili nguruwe asiteleze.

Hema lina makombamoyo jozi tano, ya inchi 2 kwa 4, urefu futi 8. Juu yakutane kwenye ubao mmoja, na chini yapigiliwe juu ya mbao mbili zinazolala kandokando ya sakafu. Mbao hizo mbili zifungwe kwenye sakafu kwa bolti nne tu, mbili kila upande. Bolti zikifunguliwa, hema lote huinuka peke yake.

Kuta zipigwe mbao za msindano za inchi 1 kwa 8, zikishuka kutoka juu hata chini, kumi na mbili kila upande. Kwa kuwa mbao zikishuka hivi zinataka mahali pa kupigilia, tangulieni kuweka mbao tatu za kukingama juu ya makombamoyo. Kila mahali mbao mbili zinapokutana, funikeni ufa kwa ufito wa inchi 1 kwa 3, mvua isiingie. Kileleni wekeni kipande cha bati kilichokunjwa. Paa lote lisiwe la bati, maana mchana joto litakuwa kali kwa mama. Kwa kuta mbili za kando na zile pembetatu mbili za mbele na nyuma, hesabuni futi za mraba kama 184, mkaongeze kidogo kwa mbao zitakazoharibika.

Mlango uwe mbele, upana futi 2, kimo futi 3, wenye bawaba na komeo. Chini yake kuwe na kizingiti cha inchi 6, kilichopigwa randa vizuri, ili watoto wasitoke siku za kwanza, na mama asijikwaruze matiti. Nyuma, karibu na kilele, wekeni dirisha dogo la futi moja, lenye kifuniko, hewa chafu itoke. Kila msumari unaotokeza ndani ukunjwe.

Sasa fito za kinga. Hizi zisisahauliwe hata mbao zikipungua. Zikae inchi 8 juu ya sakafu, na inchi 8 mbali na ukuta, pande mbili za kando na nyuma. Ziwe mbao za inchi 2 kwa 4, au miti mibichi ya unene wa mkono, zilizoshikwa imara kwenye makombamoyo, kwa maana jike atazilalia kwa uzito wake wote. Mama akishuka huzuiwa na ufito, na mtoto hupita chini yake. Nyuma ya fito hizo wekeni nyasi kavu zilizokatwakatwa fupi, ili watoto wazoee kulala huko. Usiku wa baridi kali wekeni chupa za maji ya moto zilizofungwa katika gunia. Taa ya moto isitiwe ndani kamwe, kwa sababu ya nyasi.

Kibanda kikiisha kujengwa, kazi yake hufuata siku. Jike hubeba mimba miezi mitatu, juma tatu na siku tatu, yaani siku 114 hivi. Mwenye nguruwe aandike siku ya kupandisha, wala asitegemee kumbukumbu. Zikibaki siku saba, sakafu imwagiwe maji yanayochemka na kusuguliwa, kisha isimamishwe juani hata ikauke. Hapo watu wafungue bolti, walichukue hema mahali papya. Watu kumi na wawili hulibeba bila shida, na sakafu huburuzwa na jozi moja ya maksai. Mlango uelekezwe kaskazini, ili upepo wa kusi ugonge nyuma, na jua la mwezi wa Juni na Julai liingie mbele. Ndipo jike aoshwe tumbo, matiti na miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, apelekwe kibandani pasipo kupita katika zizi la zamani.

Watoto wakizaliwa, kila mmoja anyonye dang'a mapema, maana ndiyo kinga yake ya kwanza. Baada ya siku chache watatoka na kuchimbua udongo kwa pua zao. Msiwazuie. Maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha, na watoto wanaofungiwa juu ya saruji hupungukiwa damu wasipopewa dawa. Udongo safi huwapa sehemu ya chuma hicho.

Kuhusu viwanja, sisi tumegawa shamba letu mafungu manne, kila fungu hatua 15 kwa 15. Jike huzaa mara mbili kwa mwaka, na kila uzao hupewa fungu jipya; hivyo fungu la kwanza halirudiwi mpaka miaka miwili ipite. Katika muda huo hulimwa na kupandwa mahindi au maharage, na samadi haipotei bure. Mchwa nao, waliokuwa wakianza kupanda kwenye miguu ya kibanda, huonekana siku ya kuhama na kukwanguliwa.

Lakini tusidhani ya kuwa kukaa nje ni kuzurura. Kila fungu liwe na ua imara. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo mtaalamu Montgomery aliieleza kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haina dawa ya kuiponya, nayo imefagia mazizi mengi katika nyanda zetu. Ngiri hubeba virusi vyake pasipo kuugua, na papasi huvichukua kwa kuuma. Basi ua uwazuie ngiri, na nyufa za kibanda zipakwe chokaa au kuzibwa, papasi wasipate maficho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni zizi zima. Mabaki ya nyama ya nguruwe yasitiwe katika chakula chao, wala nguruwe wa kununuliwa asichanganywe na wengine kabla ya kutengwa.

Tena kuna tegu. Nguruwe anayezurura hula mavi ya watu, hupata vijitegu nyamani, na mtu alaye nyama hiyo isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hilo yakiingia kinywani mwa mtu kwa uchafu, yaweza kuzaa vijitegu hata ubongoni, na mtu akaugua kifafa. Shirika la Afya Duniani hulitaja tegu hili katika sababu kubwa za kifafa kinachoweza kuzuiliwa. Kwa hiyo kila nyumba inayopewa nguruwe iwe kwanza na choo kinachotumiwa na wote, na nguruwe wakae uani. Kadhalika tuwaheshimu jirani zetu Waislamu: fungu la nguruwe lisiwe karibu na kisima chao wala njia yao, na maji ya kuoshea kibanda yasielekezwe kwao. Amani ya kijiji ni mali kuliko nguruwe mia.

Ndugu wapenzi, tumesema mengi ya misumari na inchi. Turudi katika lile daftari. Kibanda cha tatu, cha vipande viwili, kilihamishwa kabla ya kila uzao, bila kusubiri kiangazi. Katika uzao wa kwanza walizaliwa kumi, na tisa wakaachishwa kunyonya wakiwa na wiki nane, hawakohoi, migongo yao imenyooka. Majike walikuwa watano. Mwalimu aliandika upya majina manne aliyoyakata, akaongeza la tano. Mzee wetu asiyeona alimpapasa mtoto wake tangu pua mpaka mkia, akasema, Huyu ana uzito. Hakusema neno jingine, nasi hatukutaka jingine.

Walimu, twawaomba mjenge kibanda kimoja katika kila shule yenye shamba, na wanafunzi wakubwa wapime mbao wenyewe. Wanakamati, twawaomba mkubaliane siku ya kuhama, muiandike ukutani, maana kazi isiyo na siku haifanyiki. Sisi tulipoteza uzao mzima kwa neno moja tu, Tutakihamisha kiangazi.

Kibanda chetu kipo kule nyuma ya shule, nanyi mmekipita mlipokuja. Jike wetu amebakiza siku saba. Bolti zimekwisha kutiwa mafuta, na fungu la pili limefyekwa tangu jana. Baada ya chakula tutakihamisha. Twahitaji watu kumi na wawili.